Uzi: Bendi za panki ninazozipenda, na sababu ya muziki huu kunishika mpaka leo

Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa, salaam kwenu nyote.

Wengi wetu neno "panki" tulilikutia kwa kinyozi, kichwa kinaponyolewa pembeni na kuachiwa nywele katikati. Nywele zilifika kwetu, lakini muziki uliozizaa haukufika, au ulifika kwa wachache sana. Naomba leo tuuzungumzie huo muziki. Nitazitaja bendi ninazozipenda na kueleza kwa nini nazipenda, kisha nanyi mtaje zenu au mnipinge kwa hoja.

Mlango wangu ulikuwa fulana. Nilinunua fulana nyeusi ya mtumba pale Karume, na kifuani ilikuwa na nembo ya mviringo iliyofanana na muhuri wa Rais wa Marekani, ikiwa na tai aliyetandaza mabawa. Niliichukua nikidhani ni sare ya idara fulani ya serikali. Siku nilipoifua na kuianika ndipo nilipoitazama vizuri, nikaona kwamba mguu mmoja wa tai umeshika tawi la mtufaha, na mguu wa pili, palipostahili kuwa na mishale, umeshika gongo la mchezo wa besiboli. Kuuzunguka muhuri kulikuwa na majina manne: Johnny, Joey, Dee Dee, Tommy. Nilikaa na majina hayo kichwani mpaka nilipopata nafasi ya kuyatafuta kwenye intaneti, nikajua kwamba nilikuwa nimewavaa Ramones.

Hawa walikuwa vijana wa Forest Hills, eneo la Queens mjini New York, walioanza bendi mwaka 1974. Hawakuwa ndugu wa damu. Kila aliyeingia alikubali kuitwa Ramone. Johnny, ambaye alikuwa akifanya kazi za ujenzi, alinunua gitaa la Mosrite kwa dola zipatazo 50. Joey alianzia kwenye drams, kisha akahamishiwa kwenye kipaza sauti. Tommy, ambaye mpango wake ulikuwa kuwa meneja, akaishia kukaa kwenye drams mwenyewe, kwa kuwa wapigaji waliokuja kujaribiwa hawakuweza kupiga kitu rahisi kwa namna ambayo bendi iliitaka. Albamu yao ya kwanza ilitoka Aprili 1976. Iligharimu dola 6,400 hivi kuirekodi, ina nyimbo 14, na yote inakwisha kwa dakika 29 hivi.

Nataka niseme jambo moja kuhusu albamu hiyo ambalo nililigundua kwa bahati. Wakati naanza kuisikiliza, vipokea sauti vyangu vya masikioni vilikuwa vimekufa upande wa kulia. Kwa wiki nzima nilisikia sauti ya Joey, drams na besi, nikajiuliza gitaa ambalo watu wanalisifu liko wapi. Nilipoazima vipokea sauti vizima ndipo gitaa la Johnny liliponiingia sikio la kulia kama msumeno, kwa sababu katika kurekodi waliliweka gitaa upande mmoja na besi upande wa pili, kama zilivyokuwa santuri za mwanzo za stereo. Hivyo yeyote anayetaka kujifunza besi ya nyimbo hizo anazima upande mmoja, na anayetaka gitaa anazima mwingine. Albamu ile ni darasa lisilo na mwalimu, na mimi niliingia darasani kwa sababu ya waya uliokatika.

Hapo ndipo kilipo kiini cha hoja yangu. Panki inanivuta kwa sababu inakuonyesha namna ilivyotengenezwa, na ukishaona unajua kwamba na wewe unaweza kuanza leo bila kungoja ruhusa ya mtu. Kwa hiyo bendi za panki sizipimi kwa ukali wa makelele wala kwa urefu wa misumari kwenye jaketi. Nazipima kwa idadi ya watu waliotoka ukumbini wakaenda kuanzisha jambo lao.

Chukueni mfano wa Manchester. Tarehe 4 Juni 1976 Sex Pistols, bendi ya panki ya London, walipiga katika ukumbi mdogo uitwao Lesser Free Trade Hall. Waliowaalika walikuwa vijana wawili wa huko, Howard Devoto na Pete Shelley, ambao walikuwa wamesoma habari zao gazetini na kusafiri kwenda kuwaona. Ukumbi haukujaa hata kidogo. Lakini miongoni mwa wale wachache alikuwamo Peter Hook na rafiki yake Bernard Sumner, ambao baadaye walianzisha Joy Division, na alikuwamo Mark E. Smith wa bendi ya The Fall. Waandaaji wenyewe waliunda Buzzcocks, wakakopa pauni 500 kwa jamaa na marafiki, na Januari 1977 wakatoa santuri ndogo yenye nyimbo nne, Spiral Scratch, kwa jina la lebo, yaani kampuni ya kutoa santuri, yao wenyewe. Kwenye jalada waliandika kila wimbo ulirudiwa mara ngapi studio kabla ya kupatikana ule uliotumika. Hebu fikirieni maana yake: mnunuzi anapewa santuri pamoja na maelezo ya kuitengeneza.

Kwa hiyo mimi namba moja ni Ramones, namba mbili Buzzcocks. Sex Pistols nawaheshimu kwa kuwasha moto, ila albamu yao moja ya mwaka 1977 naisikiliza mara chache. Karibuni.

Mkongwe wa Dansi

Ndugu mleta uzi, nimekusoma kwa makini, na kwa kuwa umeandika kwa heshima nami nitakupinga kwa heshima. Nimepiga besi katika bendi za dansi tangu ujana wangu. Katika bendi zetu kijana alikuwa akibeba vyombo, akifunga nyaya, akisikiliza mazoezi, na baada ya muda mrefu ndipo aliporuhusiwa kugusa gitaa la kati, si la solo. Huko ndiko walikotoka wapigaji ambao ukisikia nyuzi mbili tu unajua ni fulani. Sasa unaponiambia kwamba uzuri wa muziki ni kwamba yeyote anaweza kuupiga leo hii kwa mishiko mitatu ya vidole, mimi naona umesifia mlango ukasahau nyumba. Nimejaribu kuwasikiliza hao Ramones uliowataja. Nyimbo tatu za kwanza nilizisikia kama wimbo mmoja.

Mleta uzi

Mzee wangu, shikamoo, na nashukuru sana kwa kuchangia.

Sidharau hata kidogo shule uliyopitia. Lakini naomba nikukumbushe jambo unalolijua kuliko mimi: vyombo vya bendi nyingi za zama zenu havikuwa mali ya wapigaji. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Jeshi, polisi na mashirika ya umma yalikuwa na bendi zao. Mwenye gitaa ndiye aliyeamua nani aguse, lini, na wakati mwingine aimbe nini. Mfumo huo ulitupa muziki mkubwa, sikatai, ila ulikuwa na mlinzi mlangoni. Marekani na Uingereza za miaka ya 1970 nazo zilikuwa na walinzi wa namna yake: kampuni za kurekodi zilizotaka wanamuziki wenye vyombo vya bei kubwa, studio za miezi mingi, na nyimbo zenye solo za dakika kumi. Kijana wa mtaani asiye na fedha hizo alibaki kuwa mnunuzi wa tiketi.

Kuhusu ustadi, naomba uujaribu kwa mkono wako mwenyewe. Johnny Ramone alipiga nyuzi kwa kushusha mkono tu, bila kuupandisha, mapigo manane kwa kila hesabu ya nne, kwa mwendo wa kasi, wimbo baada ya wimbo bila kupumzika. Mimi baada ya dakika tatu kiganja changu kilikuwa kinatetemeka. Ni ustadi wa aina nyingine, unaofanana zaidi na wa mtwanga nafaka kuliko wa mfuma mikeka, na Ramones waliufanya katika maonyesho 2,263 mpaka walipoacha mwaka 1996. Isitoshe, kwa miaka mingi Joey na Johnny hawakuwa wakisemezana, na bado walipanda jukwaani pamoja. Fedha nyingi hawakuziona wakati wao: albamu ile ya kwanza ilifikia kiwango cha dhahabu cha mauzo nchini mwao mwaka 2014, mwaka ambao Tommy, wa mwisho kati ya wale wanne, alifariki dunia.

Binti wa Makorora

Mimi nashangaa uzi umefika hapa bila kutajwa mwanamke hata mmoja, na hasa bila kutajwa Poly Styrene wa bendi ya X-Ray Spex, ambaye kwangu ndiye mwandishi bora wa mashairi ambaye panki ya Uingereza ilimtoa.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Marianne Elliott. Baba yake alikuwa Msomali na mama yake Mzungu wa Uingereza, akakulia London. Julai 1976, siku aliyotimiza miaka 19, aliwaona Sex Pistols wakipiga kwenye gati la Hastings mbele ya watu wachache, akarudi nyumbani na kuweka tangazo gazetini la kutafuta vijana wa kuunda nao bendi. Kwa hiyo, ndugu mleta uzi, kwa kipimo chako cha waliotoka ukumbini wakaanzisha jambo lao, yeye anapaswa kuwa mbele kabisa. Alijichagulia jina la plastiki kwa makusudi, kwa sababu alichokuwa anakiimba ni maisha ya kununua na kutupa: maduka makubwa, matangazo ya biashara, dawa za kuua vijidudu, vitu vya rangi kali vinavyong'aa na havina uhai. Albamu yao ya mwaka 1978, Germfree Adolescents, imejaa mambo hayo. Ninapopita ufukweni kwetu Tanga baada ya maji kutoka na kuona chupa na mifuko iliyotanda kwenye matope ya mikoko, ni nyimbo zake zinazonijia, na naamini aliona mapema jambo ambalo wengine tulikuja kuliona baadaye sana.

Tena tazameni alivyojitokeza. Alikuwa na vyuma vya kunyooshea meno na hakuvificha. Alivaa nguo za rangi zisizopatana alizozichagua mwenyewe. Na katika zama ambazo mwimbaji wa kike alitakiwa apendeze kwanza ndipo asikilizwe, yeye aliingia na sauti iliyopasua. Singo yao ya kwanza ya mwaka 1977 inaanza kwa maneno anayoyasema polepole kama mtoto mtiifu, kuhusu wasichana wanaotakiwa waonekane na wasisikike, kisha anapiga ukelele wa kuyakataa, na saksafoni inaingia. Saksafoni hiyo ilipigwa na Lora Logic, ambaye bado alikuwa msichana wa shule. Nilikuwa na umri kama wake nilipousikia mara ya kwanza kwenye simu ya binamu yangu, na nakumbuka nilisimama kufagia.

Waongezeni na The Slits, wasichana ambao mwimbaji wao Ari Up alianza akiwa na miaka 14. Albamu yao ya mwaka 1979, Cut, iliongozwa studio na Dennis Bovell, mtu wa rege mzaliwa wa Barbados. Mkongwe wetu wa Dansi nadhani ataipenda hiyo, kwa sababu besi ndiyo inayotembea mbele na magitaa yanachokonoa pembeni.

Mbeba Sanduku, London

Nawasalimu kutoka Uingereza, ambako nimeishi muda mrefu sasa. Dada hapo juu amegusa rege, nami naomba niendelee hapo hapo, kwa kuwa bendi ninayoipenda ni The Clash wa hapa London, na bila rege hawaelezeki.

Katika klabu ya Roxy, Covent Garden, mwanzoni mwa 1977, aliyekuwa akicheza santuri alikuwa Don Letts, kijana wa London ambaye wazazi wake walitoka Jamaika. Santuri za panki zilikuwa bado chache mno kujaza usiku mmoja, kwa hiyo kati ya bendi na bendi aliwachezea watu rege na dabu, yaani rege iliyopunguzwa sauti za kuimba na kuachiwa besi na mwangwi, aliyoizoea nyumbani. Vijana wa Kizungu waliokuja kurukaruka wakajikuta wanasikiliza muziki wa watu waliokuwa wakisumbuliwa na polisi wale wale. The Clash walikuwa wamekwisha kuingia humo. Joe Strummer na Paul Simonon walikuwapo Notting Hill Agosti 1976 wakati vijana weusi walipopambana na polisi mwishoni mwa kanivali, na kwenye albamu yao ya kwanza, Aprili 1977, waliurekodi upya wimbo wa Junior Murvin uitwao Police and Thieves. Lee Perry, aliyeutengeneza wimbo wa asili kule Jamaika, baadaye mwaka huo huo alikaa nao studio kutengeneza singo yao. Bob Marley naye akaitaja bendi hiyo katika wimbo wake kuhusu sherehe ya panki na rege pamoja.

Mtu anaweza kusema hayo yalikuwa mapenzi ya santuri tu. Lakini mwaka huo chama cha kibaguzi cha National Front kilikuwa kinaandamana katika mitaa ya wahamiaji. Tarehe 30 Aprili 1978 makumi ya maelfu ya watu walitembea kutoka Trafalgar Square mpaka Victoria Park, mashariki ya London, kwenda kwenye tamasha la kupinga ubaguzi, na jukwaani walikuwapo The Clash, X-Ray Spex na bendi ya rege ya Steel Pulse kutoka Birmingham. Nimepita katika bustani hiyo mara nyingi nikienda kazini. Ni majani tu na miti, watoto wanacheza mpira, na kila mara nafikiri kwamba mimi ninayetembea humo bila kuangalia nyuma nina deni kwa watu waliokuja siku ile.

Kuna waliosema panki ilikufa siku The Clash waliposaini na kampuni ya CBS, Januari 1977. Mimi nawapima kwa walichokifanya na mkataba huo. London Calling, Desemba 1979, ilikuwa santuri mbili zilizouzwa kwa bei ya moja. Mwaka uliofuata wakatoa santuri tatu kwa pamoja, Sandinista!, yenye nyimbo 36, na ili bei ibaki chini wakakubali kutolipwa mrabaha wao kwa nakala 200,000 za kwanza nchini humu. Nyimbo kadhaa za humo si nzuri, nakiri. Ila sijaona wengine wengi waliolipa kutoka mfukoni mwao ili msikilizaji maskini apate zaidi.

Mwalimu wa Kisauni

Nimefuatilia kwa hamu, ingawa mimi ni mzazi na mwalimu, na nina swali ambalo nadhani wazazi wengine wangeliuliza. Ninachokijua kuhusu panki ni kijana anayeitwa Sid Vicious, wa Sex Pistols, aliyekufa kwa heroini Februari 1979 akiwa na miaka 21. Sisi wa Mombasa tunaijua heroini kwa majina ya watoto wa mitaa yetu, na nimezika wanafunzi niliowafundisha kusoma. Mnaposifia muziki huu, hilo mnaliweka wapi?

Mleta uzi

Mwalimu, pole sana kwa vijana hao. Swali lako ni la haki, na sitalizunguka.

Ni kweli heroini iliwapitia watu wengi wa muziki huu. Dee Dee wa Ramones naye ilimuua, mwaka 2002. Magazeti yalimfanya Sid kuwa sura ya panki kwa sababu sura yake iliuza magazeti, na vijana wengine wakaiga kifo badala ya kuiga kazi. Silitetei hilo hata kidogo.

Lakini ndani ya panki yenyewe walitokea waliolipinga jambo hilo kabla ya mtu mzima yeyote kuwakemea. Mwaka 1980 vijana wa Washington walikuwa na bendi iliyoitwa Teen Idles. Walisafiri mpaka California, na huko mwenye ukumbi mmoja, kwa kuwa hawakufikia umri wa kunywa pombe, aliwachora alama kubwa ya X mgongoni mwa kiganja ili wauzaji wa baa wasiwahudumie. Waliporudi kwao waliwaomba wenye kumbi wafanye hivyo hivyo: tuchoreni, mtuachie tuingie tusikilize muziki, pombe hatuitaki. Alama ya kuwazuia wakaifanya kiapo chao. Mmoja wao, Ian MacKaye, akaunda Minor Threat, na mwaka 1981 akaimba wimbo wa sekunde 46 hivi akieleza kwamba yeye ana mambo ya kufanya na hana haja ya dawa yoyote ya kumlewesha. Jina la wimbo huo, Straight Edge, likawa jina la mwenendo ambao vijana wengi katika nchi nyingi wanaufuata mpaka leo.

Na tazama walivyofanya kazi hao wasiolewa. Teen Idles walipovunjika walikuwa na akiba ndogo ya fedha za maonyesho, wakaamua kuitumia kutoa santuri badala ya kugawana. Hawakujua jalada la santuri linatengenezwaje. Wakachukua jalada la singo ya Kiingereza, wakalibandua gundi likafunguka kama karatasi bapa, wakachora mistari ya kingo zake, wakapeleka mchoro kwa mchapaji, kisha wakakaa chini wakakata kwa mkasi, wakakunja na kugundisha kwa mikono yao jalada moja baada ya jingine mpaka yakafika elfu moja. Lebo hiyo ni Dischord na bado ipo. Baadaye MacKaye, akiwa na bendi ya Fugazi, alihakikisha tiketi zinauzwa kwa dola tano hivi na mtoto wa umri wowote anaruhusiwa kuingia. Kwa mwanafunzi wako anayependa gitaa, Mwalimu, ningempa habari hiyo ya mkasi na gundi kabla ya habari nyingine yoyote.

Jirani wa Kariobangi

Mmezungumza vizuri, ila mmeacha kitu ambacho sisi tulio Nairobi tunaulizwa kila siku tukivaa jaketi zetu: kwa nini mnapiga muziki wa Wazungu? Jibu langu ni majina.

La kwanza ni Death, ndugu watatu weusi wa Detroit, David, Bobby na Dannis Hackney. Mwaka 1975, kabla ya albamu ya Ramones kutoka, walirekodi nyimbo saba za kasi na hasira ambazo leo kila mtu angeziita panki. Kigogo wa kampuni ya kurekodi, Clive Davis, alizipenda, lakini alitaka wabadilishe jina la bendi. David alikataa. Walichapisha wenyewe nakala 500 za singo moja, redio hazikuicheza, na kanda zao zikawekwa darini. David alifariki mwaka 2000 akiwa amewaambia ndugu zake wazitunze, kwa kuwa siku moja dunia ingezitafuta. Mwaka 2009 zikatolewa kuwa albamu.

La pili ni Bad Brains wa Washington, Marasta wanne waliotoka kwenye jazi, na ndiyo maana, Mzee wa Dansi, hao ustadi wanao wa kutosha. Mwaka 1982 albamu yao ya kwanza ilitoka kwa kanda pekee, ya rangi ya manjano, na jalada lake linaonyesha radi ikilipiga jengo la Bunge la Marekani. Katikati ya nyimbo za kasi kuliko zote za zama hizo wanashuka ghafla kwenye rege taratibu, kisha wanapanda tena. Ian MacKaye aliyesifiwa hapo juu alijifunza kwa kuwatazama hao.

La tatu ni National Wake wa Johannesburg, walioanza mwaka 1979, ndugu wawili Khoza pamoja na wenzao Wazungu, wakati ambapo sheria za ubaguzi zilikataza hata kukaa nyumba moja. Wao walikaa, wakatoa albamu moja mwaka 1981, polisi wakawaandama mpaka bendi ikafa. Na hapa kwetu wapo Crystal Axis, ambao wana wimbo kuhusu Leopold, mfalme wa Ubelgiji aliyeifanya Kongo kuwa shamba lake binafsi. Unaposikia habari hiyo ikiimbwa na vijana wa Nairobi juu ya gitaa lililopasuka, hutauliza tena huu ni muziki wa nani.

Mkongwe wa Dansi

Nimerudi, kwa kuwa maneno yenu yalinikaa. Kwanza niwape jambo dogo ambalo mjukuu wangu amenisomea: jioni ile ya Desemba 1976 Sex Pistols walipotukana kwenye televisheni ya Uingereza na kujulikana nchi nzima, nafasi hiyo ilikuwa ya Queen, bendi ya Freddie Mercury, mtoto aliyezaliwa Unguja. Queen hawakufika, ndipo wale wakaitwa.

Pili, mjukuu huyo aliniwekea albamu ya Ramones kwenye simu. Nilipanda daladala Gongo la Mboto, nikafanya ulivyosema mleta uzi, nikaziba sikio la kulia na kuacha la kushoto, upande wa besi. Huyo Dee Dee haondoki kando ya gitaa hata hatua moja. Mimi ningeshatembea, ningeshapamba, maana ndivyo tulivyofundishwa. Yeye anasimama pale pale akisukuma, na niliposubiri akosee hakukosea. Tulipofika Tazara ilikuwa imekwisha yote, foleni bado. Nikaanza tena, safari hii kwa masikio yote mawili, nikagundua kwamba huyo mwimbaji mrefu anaimba sauti za mapenzi za miaka ya sitini, zile tulizokuwa tukizisikia redioni tukiwa vijana. Zile nyimbo tatu nilizosema ni wimbo mmoja, zina sauti tatu tofauti kabisa.

Solo bado naidai, na sitaacha kuidai. Nipe kinachofuata.

Mleta uzi

Mzee, chukua hiyo Cut ya The Slits aliyoitaja Binti wa Makorora, uanze na sikio lolote utakalo. Kisha Spiral Scratch ya Buzzcocks, wimbo wa tatu, Boredom. Solo yake ina noti mbili tu, zimerudiwa na kurudiwa, na Pete Shelley alijua kabisa alichokuwa anafanya. Uniambie ukifika Tazara.